Bakshishi, Ujira na Heshima ya Mfanyakazi wa Amu



Nilipotaja mada ya mhadhara huu, rafiki yangu mmoja aliguna. Akaniuliza kama nimekosa la kusema. Amu, yaani Lamu, ina bandari mpya, ina migogoro ya ardhi, ina vijana wasio na kazi, nami nataka kusimama mbele ya watu wazima nizungumzie mia mbili ya hamali na "ya soda" ya baharia! Nikamwambia aende gatini asubuhi, mashua zinapoleta abiria wa ndege kutoka Manda, awatazame wanaume waliosimama pale. Chakula cha mchana cha watoto wao kimo mfukoni mwa mtu wasiyemjua hata jina, na mtu huyo ataamua mwenyewe, kwa jinsi alivyoamka siku hiyo, kama atatoa au hatatoa. Jambo linalolisha nyumba nyingi kwa njia hiyo si la kugunia.

Nitasema mapema ninaposimama, ili asiyekubaliana nami ajiandae. Bakshishi haina ubaya. Mtu ana haki ya kumtunukia aliyemhudumia vizuri, na aliyehudumia ana haki ya kupokea bila kuona haya. Ninachokipinga ni mtindo uliojengeka visiwani mwetu katika miaka hii hamsini na kitu ya utalii, wa mwajiri kulipa nusu ya thamani ya kazi na nusu ya pili kumtwika mgeni.

Wako wanaosema desturi hii yote ni ya Wazungu, imetuingilia pamoja na mabegi ya mgongoni. Mimi sikubali. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Kabla ya kufika Mombasa na Kilwa alishuka Mogadishu, na huko aliona jambo akaliandika. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake, akatamka mbele ya watu kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule alishukia kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyenunua mali ya mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu mwenyeji asipokuwepo, biashara yake ilihesabiwa batili.

Ondoa ile sahani ya chakula, na hiyo ndiyo gati yetu. Kijana anarukia mashua, anashika sanduku la mgeni, anawatangazia wenzake: huyu ni mgeni wangu. Karibu miaka 700 imepita na tamko ni lile lile. Lakini angalieni malipo yake. Mwenyeji wa Mogadishu alikula kwenye biashara. Alikuwa dalali, mdhamini na mlinzi wa mgeni, na faida yake ilijulikana na kila mtu sokoni. Kijana wa leo ana kamisheni ya nyumba ya wageni, ambayo mgeni haambiwi, kisha ana bakshishi, ambayo hana hakika nayo. Yule wa kale alikuwa na mgeni wa miezi, maana aliyekuja na kaskazi hakuwa na njia ya kurudi mpaka kusi ivume. Huyu wa leo ana mgeni wa siku tatu.

Na tusidhani mambo hayo yalikuwa ya Mogadishu tu. Nyumba zetu za mawe zimebeba ushahidi wake. Usam Ghaidan, aliyeuchunguza mji huu chumba kwa chumba na kuchapisha kitabu chake mwaka 1975, alituonyesha jinsi nyumba ya Amu inavyompokea mtu kwa hatua: daka la mlangoni, kisha kiwanda, na sabule ya mgeni iliyotengwa na ndani kwa wenyewe. Nani anajenga chumba kizima kwa ajili ya mtu wa kupita? Waliojenga walijua kwamba mgeni wa Oman, wa Hadhramaut au wa Bara Hindi ni mshirika. Atarudi mwakani. Kati ya mwenyeji na mgeni kama huyo palikuwa na faida ya kugawana, palikuwa na zawadi iliyopakiwa chomboni mwaka uliofuata, na palikuwa na aibu kubwa kwa atakayemdhulumu mwenzake. Mahali pa bakshishi hapakuwepo. Nani amwachie mshirika wake sarafu mezani?

Ndani ya jamii yetu wenyewe, kuongeza fedha juu ya kazi ni utaalamu wa siku nyingi. Mwanafunzi wa fundi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba. Mtoto alipokhitimu Qur'ani chuoni, mwalimu alipelekewa zawadi yake. Bwana harusi hakuingia bila kutoa kifungua mlango. Palikuwa na kiosha miguu, palikuwa na kipa mkono cha bibi harusi mwenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyaeleza mengi ya namna hii kwa upande wa Mrima katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, na Mwamu akikisoma ataitikia kwa kichwa ukurasa baada ya ukurasa, hata pale majina yanapokuwa ya kwao. Na taarabu? Ni mama gani hapa hajawahi kuinuka kitini, akaenda kwa madaha mpaka mbele, akamtunza mwimbaji kwa sababu ubeti ule umempata, au kwa sababu anataka umpate jirani yake aliyekaa safu ya pili? (Msicheke. Mnajijua.)

Tazameni sasa jinsi utoaji huo ulivyofanywa. Ulifanywa hadharani. Anayetoa kifungua mlango anatoa mbele ya mashahidi, na kikiwa kidogo anaambiwa arudi mfukoni. Ulikuwa na saa yake: fundi hakukaa roho juu kila jioni akikisubiri kilemba, alijua kitakuja mwanafunzi akihitimu. Na zaidi ya yote, haukuchukua nafasi ya ujira. Fundi seremala aliuza milango yake kwa bei ya milango. Hapana mteja aliyemwambia akubali nusu ya bei kwa kuwa wanafunzi wake ni wakarimu.

Hapo ndipo bakshishi ya leo ilipoachana na mila. Inatolewa kwa siri, noti imekunjwa kiganjani wakati wa kuagana, kama kwamba wote wawili wanafanya jambo la kuficha. Haina saa, haina kiwango, haina shahidi. Na imeingizwa ndani ya hesabu ya mshahara.

Kabla sijafika kwenye mshahara, nitasema juu yetu sisi wenyeji, maana tukizungumzia bakshishi huwa tunawanyooshea kidole watalii peke yao. Mwamu akila mkahawani haachi kitu. Anakula wali wake kwa samaki, anapangusa mkono, analipa, anaaga. Mgeni akiona hivyo anadhani sisi ni wagumu wa mkono. Hajui kwamba yule kijana aliyeleta sahani ni mtoto wa fulani, kwamba mlaji alihudhuria akika yake, na kwamba babake kijana akilazwa hospitali mlaji huyo huyo atachanga. Kumwachia sarafu mtoto kama huyo ni kama kumwambia kwamba baina yetu hapana kingine. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliwahi kuachiwa pesa na mgeni aliyemwelekeza njia ya msikiti wa Riyadha. Alimfuata mpaka kona ya pili akamrudishia. Hakukasirika. Alisema tu kwamba yeye hakuwa kazini.

Kuna kumbukumbu nyingine pia, na hii wengi hawapendi itajwe. Utumwa ulifutwa kisheria kwenye ukanda wetu wa pwani mwaka 1907, na watu wazima wa leo walilelewa na bibi na babu waliosikia habari zake kutoka kwa walioziona. Katika mji ambao zamani uungwana ulipimwa kwa nani anatoa na nani anapokea, kunyoosha mkono ni jambo zito. Mafunzo ya dini nayo yamemweka mwenye mkono wa juu mbele ya mwenye mkono wa chini. Ndiyo maana utamkuta baharia anayeihitaji ile bakshishi kuliko kitu chochote, mgeni akiitoa, yeye anatazama kando, anaipokea kama hakuiona. Wageni hudhani ni kiburi. Ni mtu anayejaribu kuilinda heshima yake mbele ya wenzake.

Lakini ule undugu unaotuzuia kuacha sarafu mkahawani nao tunautumia vibaya. Mwenye punda anakupandishia mifuko 20 ya saruji kutoka gatini mpaka juu mtaani Mkomani, vichochoro vimebana, jua la saa nane. Mmekwisha patana bei, na uliibana ile bei mpaka ikalia. Anamaliza, anafuta jasho, unamwambia, "Mwanangu, Mungu atakulipa." Mungu atamlipa, hilo halina shaka. Ila wewe nawe ulikuwa na la kufanya. Tunahimizwa kumlipa mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka, nasi tumeifanya ile dua kuwa sarafu. Mwenye punda wa Amu hamwoni mtalii. Matumbawe, mchanga na saruji ni mizigo ya wenyeji na ya wenye nyumba. Hana bakshishi ya mtu yeyote. Kama sisi wenyeji hatumlipi vizuri, hana pengine pa kutazamia.

Sasa baharia. Mholanzi A. H. J. Prins alikaa na watu wa vyombo wa hapa, na kitabu chake juu ya usafiri wa bahari wa Amu kilitoka mwaka 1965. Wazee wa bahari waliomo humu hawahitaji kitabu kujua nitakalosema: katika jahazi la biashara mapato yalikuwa ya mgao. Yalitolewa matumizi ya safari, kisha palikuwa na fungu la chombo, fungu la nahodha, na mafungu ya mabaharia. Safari ikiwa nzuri, kila mtu alipata. Ikiwa mbaya, kila mtu alikosa, na mwenye chombo naye alikosa. Baharia alikuwa maskini mara nyingi, sisemi uongo kupamba zamani. Lakini alikuwa na fungu, na fungu lake lilihesabiwa mbele yake.

Mjukuu wake leo anapeleka wageni Manda Toto kuogelea kwenye matumbawe, au magofu ya Takwa maji yakiwa yamejaa, anawachomea samaki ufukweni, anawaimbia wakirudi na machweo. Wengine wana chombo chao wenyewe, nao hawa sina wasiwasi nao. Wanapanga bei yao. Ninayemzungumzia ni yule anayefanya kazi kwenye chombo cha mtu. Bei ya safari anakubaliana mwenye chombo au hoteli. Baharia anapewa kibarua cha siku, kidogo, na anaambiwa mengine atayaona kwa wageni. Babu yake alikuwa mwenye fungu. Yeye amekuwa mtu wa kutabasamu. Na ubaya wa tabasamu linalolipwa ni kwamba siku baharia anaumwa jino, au amefiwa, anapata hasara mara mbili.

Twendeni kijijini Shela. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967, na miaka ya sabini vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu wakaujaza mji wa Amu. Baadaye walikuja wenye fedha zaidi, wakanunua nyumba, wakazifufua na kujenga nyingine, na leo sehemu kubwa ya kazi za utalii Shela iko ndani ya nyumba za watu binafsi zinazokodishwa pamoja na watumishi wake: mpishi, msaidizi wa mpishi, wa kufagia na kutandika, wa dobi, mlinzi wa usiku. Mwisho wa wiki wageni wanaulizana waache kiasi gani. Msimamizi anawaonyesha sanduku au bahasha, wanaweka, wanakwenda zao.

Nimezungumza na watu wa kazi hizo, na malalamiko yao hayakuwa yale niliyoyatarajia. Nilidhani watalalamika kwamba wageni ni wabahili. Karibu wote walilalamikia bahasha. Nani aliihesabu? Aliihesabu mbele ya nani? Msimamizi anachukua fungu au hachukui? Mlinzi aliyelala macho usiku kucha, ambaye mgeni hakumwona ila kivuli chake, ana sehemu sawa na mpishi aliyepigwa picha na sahani ya kaa? Na yule mama anayefua mashuka uani, ambaye mgeni hajui hata kama yupo? Nyumba nyingine zina utaratibu mzuri: bahasha inafunguliwa mbele ya wote, inaandikwa daftarini, inagawanywa kwa viwango vilivyokubaliwa. Huko hakuna manung'uniko, hata msimu ukiwa mbovu. Nyumba nyingine hakuna anayejua chochote, na huko ndiko udugu unakovunjika. Mambo ni yale yale ya kifungua mlango: fedha ikitolewa mbele za watu haigombanishi.

Hoteli nyingine huongeza ada ya huduma kwenye bili. Mgeni anaona asilimia 16 ya VAT, asilimia 2 ya ushuru wa utalii, na chini yake ada ya huduma, anadhani ameshamlipa mhudumu. Swali la kumwuliza mwenye hoteli ni jepesi mno: fedha hiyo inamfikia nani, na lini?

Ninaingia sasa kwenye mshahara, na hapa nitawaomba mvumilie tarakimu. Amri ya mishahara ya serikali ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida, wakiwemo wafagiaji na watunza bustani, kuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kwa sehemu ambazo hazikuwa manispaa zamani, nasi tumo, iliweka shilingi 8,109.90. Mwaka 2024 viwango viliongezwa kwa asilimia 6, lakini pengo lilibaki. Aliyepanga hivyo alidhani kwamba mbali na miji mikubwa maisha ni rahisi. Labda ni rahisi kwa mwenye shamba na ng'ombe. Hapa kisiwani unga unavuka bahari, saruji inavuka bahari, gesi ya kupikia inavuka bahari kutoka Mokowe, na kila inapovuka inaongezwa bei. Mtu wa Shela anayelipwa kima hicho cha sheria, sembuse chini yake, lazima apate fedha pengine. Mwajiri anajua. Ndiyo maana anataja bakshishi siku ya kumwajiri.

Mtaniuliza: ikiwa mtu anapata elfu nane za mshahara na elfu kumi za wageni, si amepata kumi na nane? Zikifika nyumbani zote zinanunua mchele ule ule. Kwa mwezi mmoja, ndiyo. Kwa maisha ya mtu, hapana. Mchango wa NSSF unakatwa na mwajiri anauongezea wake kwa kufuata mshahara. Zile elfu kumi hazimo. Benki au chama cha akiba na mikopo wakitaka kumkopesha wanatazama pesilipu. Elfu kumi hazimo. Akiugua, akienda likizo, mama akienda kujifungua, analipwa mshahara. Elfu kumi hazimo. Akiachishwa kazi baada ya miaka 15, hesabu ya haki zake inapigwa kwa mshahara. Kwa hiyo aliyefanya kazi ya thamani ya elfu kumi na nane amezeeka kama mtu wa elfu nane.

Na mgeni anaweza asije. Hili sisi watu wa Amu hatuhitaji kufundishwa. Septemba na Oktoba mwaka 2011 wanawake wawili wa Ulaya walitekwa, mmoja Kiwayu na mmoja Manda. Uingereza na nchi nyingine zikawaonya raia wao wasije, hoteli zikawa tupu. Juni 2014 likaja shambulio la Mpeketoni, ikafuata kafyu, hata wavuvi wakazuiwa kuvua usiku. Machi 2020 safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa kwa ajili ya korona mpaka Agosti. Mara tatu ndani ya miaka kumi! Kila mara mfanyakazi aliyekuwa na mkataba na mshahara alikuwa na jambo la kudai, hata kama alilipwa nusu, hata kama alicheleweshewa. Aliyekuwa akiishi kwa bakshishi alikuwa hana wa kumdai. Utamshtaki nani kwa sababu mtu wa Italia hakuja?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikutuacha mikono mitupu. Inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Inataka mfanyakazi asiye kibarua wa siku apewe hati inayoonyesha mshahara wake na makato yake. Chama cha KUDHEIHA kipo kwa ajili ya watu wa hoteli na wa majumbani. Tatizo letu ni kwamba nyumba yenye watumishi watano kichochoroni Shela haionekani kuwa hoteli na haihesabiwi kuwa kaya. Mkaguzi wa kazi habishi hodi, na mtumishi aliyeletwa kazini na binamu yake anaona haya kudai karatasi.

Wamarekani wamekwisha kuiendea njia hii ya kumwachia mgeni amlipe mfanyakazi mpaka mwisho wake, na inatupasa tuwatazame. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, kampuni ya mabehewa ya kulala ya Pullman iliajiri wanaume weusi, wengi wa mwanzo wakiwa wametoka utumwani, ikawalipa kidogo na kuwaachia abiria wamalizie. Walihitaji chama chao, kilichoundwa mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na miaka 12 ya mapambano mpaka 1937, ndipo kampuni ikatia saini mkataba. Pamoja na hayo, sheria ya taifa lao hadi leo inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi imfikishe kwenye kima cha kawaida. Ndiyo maana mtalii wa Marekani anaacha nyingi hapa kwetu: amezoea kwamba asipoacha, mhudumu hajalipwa. Anapokuja na tabia hiyo, mwajiri wa Amu anaigeuza kuwa sera.

Nisisahau aina ya fedha inayojivika nguo ya bakshishi. Karani anayekaa na karatasi yako mpaka umpe "chai" hakutunukiwa, amekutoza. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamjua. Kipimo changu ni cha kizamani: kama huduma ingekuja hata usingetoa, ulichotoa ni hisani. Kama isingekuja, hiyo ni rushwa, hata iwe shilingi 50. Na watoto wanaowafuata wageni vichochoroni wakiomba peni na peremende, wazazi mkiwaona mnanyamaza, nao mniruhusu niwataje. Anayezoea kupewa bila kufanya kitu hatakuwa mpishi wala nahodha.

Simu nayo imebadilisha mambo kuliko wengi tulivyotambua. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na siku hizi mgeni, hasa mgeni wetu wa Nairobi, hana noti mfukoni, anauliza nambari. Bakshishi inaingia kwa jina la mpokeaji, na inaacha alama. Wengine wameanza kubandika nambari moja ya wafanyakazi wote kwenye meza, na ujumbe unasomwa na wote. Mimi naona hapo teknolojia imeturudisha kwenye mila: fedha imerudi hadharani. Lakini mama wa dobi asiye na simu ya maana akumbukwe.

Basi naomba haya. Wenye hoteli na wenye nyumba, wa hapa na wa nje: lipeni mshahara ambao mtu anaweza kuishi nao katika mwezi wa Mei, mvua zinaponyesha na vyumba havina mtu. Kisha andikeni ukutani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wageni wenu, bakshishi inagawanywa vipi, na mwifungue bahasha mbele ya kila mwenye haki nayo, akiwemo mlinzi na mama wa uani. Wageni: toeni mkipenda, toeni mwishoni, na mwulize kama aliyewapikia analipwa. Swali hilo mwenye nyumba akiulizwa na wageni kumi kwa msimu, atatafuta jibu. Sisi wenyeji: tumlipe mwenye punda bei yake bila kumwekea dua mahali pa shilingi.

Nawe kijana unayekwenda kuomba kazi Shela kesho, uliza mshahara ni kiasi gani kabla ya kuhesabu bakshishi. Ukiambiwa kwamba wageni wa nyumba hii ni wakarimu sana, bado hujajibiwa. Uliza mara ya pili, na ukitajiwa kiasi, omba kiandikwe.